Mara tatu za dakika 40: kuogelea ukiwa na kazi, foleni na watoto

Saa mbili kwa wiki. Watu wazima wengi wenye ajira na familia hawawezi kutoa zaidi ya hapo kwa ajili ya kuogelea bila maneno kuanza nyumbani. Saa hizo unaweza kuzimaliza zote Jumamosi asubuhi, au ukazikata vipande vitatu vya dakika 40. Dakika ni zilezile, ila miezi miwili mitatu baadaye waogeleaji hawa wawili hawafanani. Wa Jumamosi kila mara anaanza upya: nusu saa ya kwanza inamwishia akitafuta pumzi, nusu saa ya mwisho anajikokota tu. Wa vipande vitatu analikata bwawa kwa mivuto michache zaidi ya mkono, na akifika ukutani bado anaweza kuongea.

Sababu iko kwenye maji yenyewe. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, kwa hiyo kosa dogo la mkao, kichwa kilichoinuka kidogo au kiwiko kilichoanguka, linakula nguvu ambazo mapafu hayawezi kuzifidia. Mkimbiaji mwenye mtindo mbaya bado anafika. Mwogeleaji mwenye mtindo mbaya anaishiwa mita 50 za kwanza, hata kama barabarani anakimbia kilomita 10 bila shida. Na ule ufundi wa kuyashika maji kwa kiganja na kigasha hufifia upesi. Ukikaa siku tano au sita bila kuingia, mkono unateleza majini na sehemu kubwa ya zoezi inapotea ukijikumbusha ulichokuwa unakijua wiki iliyopita. Ni kama mtoto wa madrasa na sura anayoihifadhi: anayedurusu kidogo kila baada ya siku moja humpita anayekaa nayo kutwa nzima mara moja kwa wiki.

Kwa hiyo idadi ya siku kwanza, urefu baadaye. Mara moja kwa wiki inakutosha usisahau kuogelea, basi. Mara mbili zinakushikilia hapo ulipo, na kwa mtu aliyekwisha kuwa na mtindo mzuri hilo si jambo dogo. Mara tatu ndipo mtu anaanza kwenda mbele. Ya nne inasaidia, lakini kwa mtu mwenye kazi mara nyingi ndiyo inayovunja ratiba nzima, kwa sababu akiikosa anajiona ameshindwa na wiki inayofuata haendi kabisa. Anayejifunza kuogelea mtindo huru (ule wa kifudifudi, mikono ikipokezana) kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 35 au 45 ni habari nyingine. Huyo akipata mara nne za dakika 25 atafika mbali kuliko mara mbili za dakika 50, maana baada ya dakika 25 huwa hajifunzi tena, anapambana.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, na washauri wengi wa mazoezi wanaupita haraka: kila siku ya kuogelea ina gharama yake hata kabla hujalowa. Chukua mtu wa Dar anayefanya kazi Posta na kulala Mbezi. Kupinda njia kwenda bwawani, dakika 20. Kuegesha gari na kulipa, dakika 5. Kubadili nguo, 7. Kuoga, kujikausha na kuvaa, 15. Hizo ni dakika 47 ambazo hazijengi chochote. Mara tatu za dakika 40 zinamgharimu dakika 261, yaani saa nne na dakika 21 kwa wiki. Jumamosi moja ya dakika 120 inamgharimu 167. Anayemlaumu huyu bwana kwa kuchagua Jumamosi hajapiga hesabu.

Jibu ni kuzipunguza hizo 47. Bwawa zuri kwa mtu mwenye kazi ni lile lililo kwenye njia yake ya kila siku, si lile zuri kuliko yote mjini. Likiwa njiani, dakika 20 za kupinda njia zinakuwa 5. Na kwenye miji yenye foleni kuna faida ambayo haionekani haraka: ukiingia majini saa 11 na nusu jioni ukatoka saa 12 na robo, foleni uliyoikwepa huenda ilikuwa inakula dakika hizohizo. Kwa baadhi ya watu wa Dar na Nairobi zoezi la jioni karibu halina gharama ya muda kabisa, mradi bwawa liwe upande wa kazini na si upande wa nyumbani.

Kuna pia wazazi wanaopeleka watoto darasa la kuogelea na kukaa kwenye kiti cha plastiki wakipitia simu. Darasa la mtoto ni dakika 30 hadi 45. Umeshalipia mafuta, umeshafika, na maji yapo mbele yako. Ikiwa mtoto yuko mikononi mwa mwalimu na mwokoaji yupo, ulizia kama njia ya pembeni ya bwawa iko wazi. Hilo ni zoezi zima la wiki lisilogharimu hata dakika moja ya safari.

Mambo madogo nayo yanahesabika. Mfuko uwe umepangwa tangu usiku na ukae kwenye gari au chini ya meza ya ofisi. Vazi la kuogelea livaliwe ndani ya nguo kabla ya kutoka ofisini. Kuwa na mavazi mawili, maana pwani vazi lililoanikwa usiku bado lina unyevu asubuhi, na hakuna kinachokatisha tamaa kama kuvaa kitu kibichi alfajiri. Acha taulo zito, beba kikoi au kanga: hukauka haraka na haijazi mfuko. Ukitoka, suuza vazi kwa maji baridi palepale bafuni. Klorini ikikaukia kwenye kitambaa hula mpira wake, na vazi la miezi minane linaisha kwa mitatu.

Kwa wanawake wengi, dakika zinazouma ni za nywele. Lowesha nywele kwa maji ya bomba kabla ya kuingia, paka kondishena kiasi, kisha vaa kofia. Nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazinywi klorini nyingi. Kofia ya silikoni ndefu, ile pana ya kuingiza rasta au misuko, ni bora kuliko ya kawaida inayovuta na kukata nywele za mbele. Wengine hupanga siku mbili zinazofuatana, tuseme Jumanne jioni na Jumatano alfajiri, ili uoshaji mkubwa ufanyike mara moja kwa siku mbili. Kwa upande wa ufundi mpangilio huo haupungukiwi, na kwa upande wa muda unaokoa karibu saa nzima. Penye bwawa lenye saa za wanawake peke yao, ratiba inaanzia hapo, vingine vyote vinafuata.

Ukishapunguza kila kinachopunguzika na bado gharama inazidi saa moja kwa kila safari, usilazimishe mara tatu. Ogelea mara mbili, dakika 55 hadi 60, na siku ya tatu fanya nyumbani dakika 15 za mpira wa kuvuta ukiuigiza mvuto wa mkono. Haifanani na maji, lakini inayaweka mabega tayari.

Sasa urefu. Saa ya ukutani haijui lini zoezi lako limekwisha. Mikono inajua. Baada ya kupasha mwili moto, ogelea urefu mmoja wa bwawa kwa utulivu na uhesabu kila mkono unapoingia majini. Kwenye mita 25, mtu mzima anayejifunza mara nyingi yuko kati ya 22 na 30. Tuseme wako ni 24. Hiyo ndiyo hesabu yako ya msingi ya siku hiyo. Zoezi likiendelea, hesabu tena kila baada ya mita 200 hivi. Ikipanda kwa mkono mmoja, ni kawaida. Ikifika 27 mara mbili mfululizo, simama dakika moja kamili. Ikirudi 24 au 25, endelea. Ikibaki 27, zoezi limekwisha hata kama ni dakika ya 28. Malizia mita 100 za taratibu utoke. Ukiendelea hapo utakuwa unaufundisha mwili kuogelea vibaya, na mwili ni mwanafunzi mzuri.

Kinachoharibika huwa ni vitu vichache vilevile. Cha kwanza ni pumzi. Mtu akichoka anaacha kutoa hewa chini ya maji, akigeuka inabidi atoe na kuvuta kwa wakati mmoja, hapati nafasi, kichwa kinapanda kutafuta hewa na miguu inazama. Dawa ni kutoa viputo mfululizo, kwa pua na mdomo, kuanzia uso unaporudi majini, ili ukigeuka kazi iwe kuvuta tu. Cha pili ni kiwiko kinachotangulia kushuka, hivyo mkono unayasukuma maji kwenda chini badala ya nyuma. Unauinua mwili kidogo lakini husogei. Cha tatu ni macho kutazama mbele. Tazama sakafu ya bwawa, mita moja hivi mbele yako, na nyonga zitapanda zenyewe. Watu wengi wakihisi miguu inazama huanza kupiga miguu kwa nguvu zaidi. Miguu ina misuli mikubwa, inakula hewa nyingi, na kwa mtindo huru wa mtu mzima inarudisha mwendo mdogo. Rekebisha kichwa kwanza.

Zoezi la dakika 40 kwa mtu mwenye mwendo wa kati, kwenye bwawa la mita 25, linaweza kwenda hivi. Siku ya ufundi: anza na mita 50 mara nne za taratibu, mapumziko ya sekunde 15. Fuata na mita 25 mara nane za mazoezi ya mtindo, sekunde 20 kati yake. Nne za kwanza mkono mmoja unangoja mbele mpaka mwenzake aukute, nne za pili unaogelea kwa ubavu mkono wa chini umenyooka. Halafu kazi yenyewe: mita 50 mara 12, mapumziko ya sekunde 20, ukihesabu mikono kila urefu wa pili. Malizia na 100 za mgongo au taratibu. Jumla ni mita 1,100, na hutoki umekufa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Siku ya pili ni ya mwendo, na hapa unahitaji namba. Siku moja, ukiwa umepumzika, ogelea mita 400 kwa bidii unayoweza kuihimili, andika muda. Pumzika dakika 10 ukiogelea kivivu, kisha ogelea mita 200 kwa bidii, andika muda. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, gawa kwa mbili. Mfano: 400 kwa dakika 10 kamili, 200 kwa dakika 4 na sekunde 46. Tofauti ni dakika 5 na sekunde 14, nusu yake ni dakika 2 na sekunde 37. Huo ndio mwendo wa kila mita 100 ambao mwili wako unaweza kuubeba kwa muda mrefu bila kuvunjika. Jaribio hili lirudiwe kila wiki sita hadi nane. Kosa la kawaida ni kuondoka kwa kasi mno kwenye 400 na kufa katikati. Ukifanya hivyo muda wa 400 unarefuka na namba inayotoka inakuwa ya polepole kuliko uwezo wako. Kama mita 100 za mwisho zilikuwa nzito kuliko za kwanza kwa sekunde 15 au zaidi, tupa matokeo, rudia wiki nyingine.

Ukiwa na namba hiyo, siku ya mwendo ni rahisi kuipanga: mita 300 za kupasha moto, mita 25 mara nne ukiongeza kasi hadi mwisho, kisha mita 100 mara nane kwa dakika 2:37, ukiondoka kila dakika 3. Unapumzika sekunde 23. Zote nane zinakwisha kwa dakika 24. Ya kwanza na ya pili zitakudanganya kwamba ni nyepesi, usiharakishe. Ya sita ndiyo inayosema kama namba yako ni ya kweli. Malizia na 100 za taratibu, jumla mita 1,300.

Siku ya tatu iwe ndefu kidogo, na wikendi inaifaa: 200 za kupasha moto, mita 400 mara tatu kwa mwendo wa sekunde 10 polepole zaidi kwa kila mita 100, mapumziko ya sekunde 45, na 100 za kumalizia. Ni dakika 45 na mita 1,500. Wiki nzima umefika mita 3,900 bila siku yoyote kuzidi robo tatu ya saa majini.

Na siku mkutano umechelewa, umebaki na dakika 25 tu? Nenda. Mita 100 za taratibu, kisha mita 25 mara 16 ukiondoka kila dakika 1, kila moja kwa nguvu lakini bila kupoteza hesabu ya mikono, kisha 100 za kumalizia. Mita 600 kwa dakika 22 au 23. Wanaosema dakika 25 hazifai kitu kwa kawaida ni wale wanaotumia dakika 10 kati ya hizo wameegemea ukuta wakipiga soga.

Mabwawa yetu mengi ni ya hoteli na hayana mita 25. Pima la kwako kwa futi ya fundi, usikubali namba ya mapokezi. Likiwa mita 20, mita 100 ni safari tano. Likiwa 15, safari saba ni 105, inatosha. Kumbuka tu kwamba kila ukuta unakusukuma bure, kwa hiyo muda wa bwawa fupi huwa mzuri kuliko wa bwawa refu, na mikono kwa kila mita ni michache. Usichanganye namba za mabwawa mawili kwenye daftari moja. Anayeogelea mita 15 mwaka mzima halafu akaingia bwawa la mita 50 kama la Kasarani, Nairobi, atashangaa katikati ya maji kwamba ukuta haufiki. Bwawa likiwa na umbo la figo au la yai, sahau mita, ogelea kwa dakika: dakika 3 mwendo, sekunde 30 pumziko, mara nane. Na bwawa la mita 8 la nyumba za kupanga bado lina kazi yake kwa kamba ya mpira inayofungwa kiunoni na kwenye nguzo. Dakika 15 hadi 20 za hiyo zinatosha, kwa sababu mgongo wa chini huanza kulalamika kamba inapouvuta.

Pwani kuna bwawa lisilo na kiingilio, ila lina ratiba yake na haliulizi ya kwako. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50. Anayejiwekea "Jumanne na Alhamisi saa 11 jioni" baharini atakuta maji kifuani wiki hii, na wiki ijayo atakuta watu wanaokota chaza pale alipoogelea. Ratiba ya bahari ni ya wiki mbili.

Ukanda wetu, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar, una bahati moja. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, linapokuja, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 12, alfajiri na jioni. Hizo ndizo siku za mwenye ajira. Kabla ya kazi maji yapo, baada ya kazi maji yapo. Kwa siku hizo hizo maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 6 mchana, kwa hiyo Jumamosi ya bamvua asubuhi katikati ni ya kutembea juu ya mwamba, si ya kuogelea. Wiki inayofuata, ya maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, mambo yanageuka: maji hujaa saa 4 au 5 asubuhi, wakati uko ofisini, lakini wikendi saa hizo ni tamu, na kwa kuwa maji mafu hayaendi mbali hata yakipwa, unapata nafasi pana. Kwa hiyo panga hivi: wiki ya bamvua, bahari siku mbili za kazi na bwawa au mapumziko wikendi. Wiki ya maji mafu, bwawa siku mbili za kazi na bahari wikendi. Jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari iliyo karibu nawe litakupa saa kamili. Wavuvi wa ufukwe huo watakupa kilichosalia.

Na kilichosalia ndicho kinachoua. Maji yanapoanza kutoka wakati wa bamvua hukimbilia kwenye milango ya miamba, na mkondo wake unaweza kumshinda mwogeleaji hodari. Ingia saa moja au moja na nusu kabla ya maji kujaa kabisa, utoke kabla hayajaanza kukimbia. Ogelea sambamba na ufuo, mahali ambapo ukisimama unagusa au karibu uguse. Ukibebwa usishindane na mkondo, kata pembeni sambamba na ufuo mpaka ulegee, halafu rudi. Vuta boya la rangi kali kwa kamba kiunoni, maana dereva wa boti ya mashine haoni kichwa cheusi kwenye mawimbi. Mwenzako awepo. Saa 12 jioni uwe ufuoni. Giza letu halisubiri. Viatu vya mpira vitakuokoa na wale viumbe wa miba mirefu myeusi. Kipindi cha kusi, kati ya Aprili au Mei na Septemba, upepo wa mchana huchafua maji, kwa hiyo alfajiri ndiyo yako. Wakati wa malelezi, pepo zinapobadilishana, bahari hulala na unaweza kufanya lile zoezi refu la wiki bila kumeza chumvi. Baada ya mvua kubwa ya masika, kaa mbali na midomo ya mito na mifereji ya mji kwa siku mbili tatu.

Baharini usihesabu mita, hesabu dakika, na zisizidi 40 mpaka uzoee. Jua na chumvi vinakausha mwili bila wewe kuhisi jasho. Hata kwenye mabwawa ya pwani, maji yakifika nyuzi 30, mwili hauwezi kujipoza vizuri. Mashindano makubwa huogelewa kwenye nyuzi 25 hadi 28. Ukiona uso unawaka na kichwa kinagonga kwenye seti ya mwendo (zile mita 100 mara nane), si uvivu, ni joto. Ongeza mapumziko, weka chupa ya maji ukutani, fupisha zoezi kwa robo. Nairobi tatizo ni kinyume chake. Juni hadi Agosti bwawa la wazi lisilopashwa moto linauma, na mtu mwembamba anaanza kutetemeka dakika ya 25. Huko kipindi hicho kata mapumziko kuwa sekunde 10, ogelea dakika 25 hadi 30, na uende mara nyingi zaidi kama njia inaruhusu.

Ukitaka kuongeza, ongeza kitu kimoja. Anayeongeza siku ya nne na kurefusha zile tatu na kununua vibao vya mikononi mwezi huohuo atajua jina la bega lake. Maumivu huanzia mbele au juu ya bega, usiku ukilalia upande huo. Mara nyingi chanzo ni mkono unaoingia majini ukivuka mstari wa katikati ya kichwa, au unaoingia kwa kidole gumba kwanza, kitu kinacholigeuza bega ndani na kuzibana kano zake. Ingiza vidole vyote pamoja, mbele ya bega lenyewe, kiganja kikitazama chini, na uuzungushe mwili mzima kushoto na kulia badala ya kuuzungusha mkono peke yake. Siku ya nne ikija, iwe fupi, dakika 25, na wiki mbili za kwanza isiwe na seti ya mwendo. Kigimbi kikikaza mwisho wa zoezi, shika ukuta, vuta vidole vya mguu kuelekea goti mpaka kilegee. Kikirudia kila mara, unapiga miguu ukiwa umevikaza vidole kama mcheza dansi.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Mara tatu za dakika 40 zinakupa 120. Zilizobaki zitafute nchi kavu, kwa kutembea kwa kasi au ngazi za ofisi, kwa sababu maji yanaubeba uzito wako na mifupa haipati mzigo inaouhitaji. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya seti za mwendo.

Kila ratiba hukatika. Mafua, safari ya kikazi, msiba, mwisho wa mwaka wa hesabu. Ukikosa wiki moja, rudi na zoezi la ufundi na uendelee kama kawaida. Ukikosa wiki tatu, wiki ya kwanza ya kurudi fanya nusu ya mita zako, lakini siku zote tatu zibaki. Wengi hufanya kinyume: wanarudi siku moja, wanaogelea mita 2,000 kulipa deni, bega linavimba, na wiki tatu zinakuwa sita. Mwezi wa Ramadhani, wengi wanaofunga huacha kuzamisha uso mchana kwa kuhofia kumeza maji. Bwawa lililo wazi usiku linatatua hilo: saa mbili hivi baada ya futari nyepesi, mara mbili kwa wiki, dakika 25 za ufundi bila seti ya mwendo. Muda wako wa mita 100 utarefuka kwa sekunde chache. Baada ya Idi upime upya wiki ya pili, usiupime ya kwanza.